Kinacholiwa ni Jioni

Hotuba kwa wazazi, walimu na vijana, Mikindani, Mtwara

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, walimu, na nyie wanangu mliokaa huko nyuma karibu na mlango, asalaam aleikum, na kwa wenzetu Wakristo, tumsifu Yesu Kristo.

Nimeombwa nizungumzie usingizi, na nimeshukuru sana. Nimekuwa tabibu wa zahanati za vijijini huko Newala na Tandahimba kwa miaka mingi. Watu walikuja na homa, na tumbo, na mgongo. Mtu alieleza yote, akapewa dawa zake, kisha akiwa amekwisha kushika mlango aligeuka na kusema taratibu: "Na usingizi, daktari, sipati." Lilikuwa jambo la mwisho kutajwa. Leo ndilo la kwanza.

Wengi wetu tumelelewa na simulizi kwamba zamani, kabla ya nguzo za umeme kufika, watu walilala na kuku na kuamka na kuku. Jua likizama, mlango unafungwa. Mtu analala kwa muda wa saa 10, hata 11, anaamka mzima kama mtoto. Nimeisikia simulizi hiyo misibani, barazani, hata kwa wauguzi wenzangu. Inapendeza, lakini imepimwa, na haikuonekana hivyo.

Mwaka 2015 watafiti Gandhi Yetish na Jerome Siegel wa Marekani, pamoja na wenzao, walitoa matokeo ya kupima usingizi wa jamii tatu zinazoishi bila umeme: Wahadzabe wetu wa kule karibu na Ziwa Eyasi, Wasan wa Namibia, na Watsimane wa Bolivia huko Amerika Kusini. Watu wazima 94 walivaa mkononi kifaa kidogo cha kurekodi mjongeo wa mwili, mchana na usiku. Usingizi wenyewe, ukiondoa muda wa kujigeuzageuza, ulikuwa kwa wastani kati ya saa 5.7 na saa 7.1. Si zaidi ya mtu wa mjini. Wala hawakulala jua lilipozama. Walibaki macho kiasi cha saa 3 na dakika 20 baada ya magharibi. Kwa saa zetu za hapa, jua likituzamia saa 12:20 jioni, mtu huyo anapata usingizi saa 3:40 usiku. Walikuwa na moto, walikuwa na chakula cha kupika, walikuwa na maneno ya kusemezana. Na usingizi wa mchana ambao tunadhani ndio uliowashibisha, majira ya baridi haukufika hata asilimia 7 ya siku zilizopimwa, na majira ya joto haukufika asilimia 22.

Kwa hiyo babu zetu hawakulala kwa muda wa saa 10. Waliamka kabla ya jua, na mchana walifanya kazi nzito ya jembe na panga.

Hapo kijana ataniuliza, na ana haki: kama hawakulala zaidi yetu, umeme umetudhuru nini? Jibu zuri zaidi ninalolijua linatoka mkoa wa Formosa, kaskazini mwa Argentina, kwa watu wanaoitwa Waqom. Ni watu wa asili moja na desturi moja, lakini jamii moja ilikwisha kupata umeme na jirani zao walikuwa bado. Horacio de la Iglesia na wenzake walizipima zote mbili. Wasio na umeme walilala zaidi kwa dakika 40 hivi majira ya joto, na kwa karibu saa nzima majira ya baridi. Sikilizeni sasa muda huo ulitoka wapi. Haukutoka alfajiri. Ulitoka mwanzoni mwa usiku: wenye umeme walichelewa kulala.

Hilo ndilo nililokuja kulisema leo, na mengine yote nitakayosema yanalizunguka. Umeme haugusi alfajiri. Unakula jioni.

Angalieni maisha yetu hapa. Adhana ya alfajiri iko palepale. Anayepuliza salfa kwenye mikorosho yake lazima atoke kungali na umande, kwa sababu unga ule hushika vizuri majani yakiwa na unyevu. Saa 3 asubuhi upepo umeamka na umande umekwisha. Kengele ya shule iko palepale. Mvuvi anafuata maji yanavyojaa na kutoka. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichosogezwa na nguzo ya umeme kwa dakika moja. Kilichosogezwa ni saa ya kulala peke yake. Huku mwisho wa usiku pamefungwa, kule mwanzo panasukumwa, na katikati usingizi unabanwa. Ndiyo maana mtu hahisi kwamba ameibiwa: ameamka saa ileile aliyoizoea tangu utoto.

Sasa nieleze kidogo jinsi mwanga unavyoifanya kazi hiyo, maana wengi mnadhani ni kelele za televisheni au mawazo tu. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho mawili inapokutana, kuna kundi dogo la seli, kama 20,000 hivi, linaloshika majira ya mwili wote. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kuonyesha jinsi jeni zinavyoendesha saa hiyo ndani ya seli. Walianzia kwa nzi wadogo wa matunda. Saa hiyo inahitaji kurekebishwa kila siku, na kinachoirekebisha ni mwanga unaoingia machoni, hasa ule wenye rangi ya buluu, kama wa anga ya mchana na kama wa kioo cha simu. Giza likiingia, ubongo unamwaga homoni inayoitwa melatonini, na mwili unaanza kujiandaa: joto la ndani linashuka, macho yanakuwa mazito. Mwanga mkali ukija saa 3 usiku, ubongo unaelewa kwamba jua halijazama, na homoni ile inazuiwa.

Tunasema taa ni taa, lakini hazilingani hata kidogo. Mshumaa ulio mita 1 kutoka kwako unatoa mwanga wa laksi 1 hivi, laksi ikiwa ndicho kipimo cha mwanga. Mwezi kamili, hata ukiwa juu ya bahari hapa Mikindani na ukaona kila mtumbwi, haufiki hata laksi 1. Koroboi ya bibi ilikuwa katika kundi hilo la vitu hafifu. Sebule yenye taa nzuri za umeme ina laksi 100 au 200. Na jua la saa 6 mchana pale nje linafika laksi 100,000. Bibi alikaa na koroboi yake hadi saa 3, akasuka ukili, akahadithia, na ubongo wake ulikwisha kujua tangu magharibi kwamba ni usiku. Mjukuu amelala kitandani, taa imezimwa, simu iko shibiri moja kutoka usoni, na ubongo wake bado uko mchana.

Lakini upande wa pili wa jambo hili tunausahau: mchana wenyewe. Mwaka 2013 mtafiti Kenneth Wright wa Colorado, Marekani, alichukua watu 8 akaenda nao kupiga kambi milimani kwa wiki moja, bila taa yoyote isipokuwa jua na moto wa kuni. Saa zao za mwili zilirudi nyuma kwa takriban saa 2. Melatonini ikaanza kupanda karibu na machweo. Walikuwa watu wa kawaida, wengine wakiwa na mazoea ya kukesha. Na kambini walipata mwanga mara nne zaidi ya ule wa maisha yao ya kila siku, kwa sababu mchana walikuwa nje. Mkulima wa Kitangari anaupata mwanga huo bila kuutafuta. Lakini kijana wetu anayeuza duka la simu pale sokoni, au anayekaa nyuma ya kaunta ya wakala kuanzia asubuhi hadi usiku, mchana wake ni hafifu na usiku wake ni mkali. Yeye ndiye ninayemwonea huruma kuliko wote. Hata nusu saa ya asubuhi nje, kabla hajafungua duka, itamsaidia.

Mwezi nao una neno lake, na hapa watu wa pwani mna elimu kuliko maprofesa. Watafiti walewale wa Waqom mwaka 2021 walionyesha kwamba usingizi wa watu hupungua siku 3 hadi 5 kabla ya mwezi kamili. Wengi walishangaa kwa nini iwe kabla na isiwe baada. Mvuvi wa dagaa wa Msangamkuu hatashangaa. Kabla ya mwezi kamili, jua linapozama mwezi tayari uko juu, jioni yote ni nyeupe, watoto wanacheza, watu wanatembeleana. Baada ya mwezi kamili unachelewa kutoka, na jioni inaanza na kiza. Tena ni jioni! Mwezi wa saa 9 usiku haumzuii mtu kulala. Wa saa 2 unamzuia. Wavuvi wa dagaa wenyewe wanaishi kinyume chake: kiza ndiyo siku zao za kazi, na taa zao majini zinavuta samaki, mbalamwezi ikija ndipo wanapumzika. Kwa wake zao nasema, siku hizo waacheni walale.

Niingie kwenye jambo ambalo limewaumiza watu wengi bure. Mtu analala saa 3, saa 8 usiku macho yanafunguka, kimya, usingizi umekata. Analala macho juu saa nzima. Kesho yake anaambiwa amechezewa, au kuna jirani anamwandama, na anaanza kuzunguka kwa waganga akiuza korosho zake kabla ya msimu. Nimewaona. Nataka niseme mbele ya wazee wote hapa: kuamka katikati ya usiku kwa mtu aliyelala mapema si uchawi, na mara nyingi si ugonjwa.

Kule Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, daktari Thomas Wehr aliwaweka watu kwenye giza la saa 14 kila usiku kwa muda wa mwezi. Baada ya wiki chache usingizi wao ukagawanyika wenyewe vipande viwili, na katikati wakawa macho saa moja au zaidi, wametulia, hawana wasiwasi. Mwanahistoria Roger Ekirch, akipekua maandishi ya Ulaya ya kabla ya viwanda, alikuta watu wakitaja usingizi wa kwanza na usingizi wa pili kama jambo la kila siku. Na ng'ambo ya bahari yetu hii, Madagaska, David Samson na wenzake walipima kijiji cha wakulima kisicho na umeme, wakaona usingizi wa vipande pia. Kwa Wahadzabe na wenzao wa ule utafiti wa 2015 mgawanyiko huo haukuonekana wazi, kwa hiyo wataalamu bado wanabishana kama ndio usingizi wa asili wa binadamu wote. Mimi ninaloliona ni kwamba mwili unaweza yote mawili, na kinachomtesa mtu wa saa 8 usiku ni hofu kuliko kuamka kwenyewe. Mzee anayeamka saa hiyo, akatawadha, akaswali rakaa zake mbili, akarudi kulala mpaka adhana, hajawahi kuniambia kwamba ana ugonjwa wa usingizi. Na mwezi wa Ramadhani sote tunaamka kula daku, tunalala tena, wala hakuna anayetafuta mchawi.

Anayekosa usingizi siku 3 au zaidi kila wiki, kwa miezi 3, na mchana hawezi kazi, huyo aje zahanati. Na anayekoroma hadi pumzi inakatika, mkewe akamwamsha kwa hofu, naye aje.

Samson huyohuyo alifanya kazi na Wahadzabe. Watu wazima 33, siku 20, wakapimwa wote kwa pamoja. Katika usiku zote hizo, muda ambao watu wote 33 walikuwa wamelala kwa wakati mmoja ulikuwa dakika 18 tu. Saa yoyote ya usiku kulikuwa na mtu macho au amesinzia tu. Vijana walichelewa kulala, wazee wakawahi kuamka, na kambi haikukosa mlinzi hata bila kupanga zamu. Nilipoyasoma hayo niliwaza madungu yetu mashambani, na baba zetu walioamia nguruwe usiku kucha msimu wa mahindi, na wenzetu wa Liwale wanaoamia tembo hadi leo. Mzee anayeamka saa 10 usiku na kukohoa uani, msimwone kama anasumbua. Ndivyo umri unavyoupanga usingizi, na zamani faida yake ilikuwa wazi kwa kila mtu.

Hata hivyo sitaki mtu aondoke hapa akidhani namsifia koroboi. Moshi wa mafuta ya taa nimeuona kwenye vifua vya watoto. Nimewahi kuzalisha kwa tochi iliyoshikwa na bibi wa mgonjwa, mkono wake ukitetemeka, na siku umeme ulipowashwa kwenye chumba cha kuzalia nililia. Usiku wa zamani ulikuwa na mbu, na mkoa wetu bado ni miongoni mwa yenye malaria nyingi nchini. Ulikuwa na kunguni, na kelele za fisi, na mtoto mwenye homa asiyeonekana uso. Na joto. Ule utafiti wa jamii tatu ulionyesha kwamba watu walilala hewa ilipokuwa inapoa, wakaamka baridi ilipofika chini kabisa, na kwamba joto linaposhuka usiku ndipo usingizi unapokaa. Nyumba ya udongo na makuti ilipoa mapema. Tumeezeka bati, ambalo linakaa imara na halivuji, lakini mwezi wa Januari, kaskazi ikiwa imelala, chumba kinakaa na joto mpaka saa 6 usiku, tena na dirisha limefungwa kwa kuogopa wezi. Hapo feni ni rafiki mkubwa wa usingizi, na feni ni umeme. Mwenye uwezo aweke dari. Asiye nao, afungue dirisha lenye wavu na atundike chandarua, kwa sababu wanaolala barazani kukwepa joto ndio mbu wanaowakuta kwanza.

Kwa hiyo umeme ukae, na ufike kwenye vitongoji ambako haujafika. Ninachodai ni jioni yetu.

Na nadai kwanza kwa niaba ya watoto. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Wa miaka 13 hadi 18, saa 8 hadi 10. Mtu mzima anaweza kuishi na saa 6 na kitu kama wale Wahadzabe, mtoto hawezi. Piga hesabu pamoja nami. Mtoto wa darasa la nne anayeamshwa saa 11 alfajiri, ili apate saa 9 tu, ambazo ndizo za chini kabisa, lazima awe amelala saa 2 usiku. Je, saa 2 usiku yuko wapi? Yuko mbele ya tamthilia, au yuko kibanda umiza, au ameshika simu ya mama yake. Na macho ya mtoto yanapitisha mwanga mwingi kuliko yetu, kwa hiyo taa ileile inayomchelewesha mama kidogo inamchelewesha mtoto zaidi. Halafu mwalimu anasema mtoto huyu mzito, hashiki. Walimu wangu, kabla hamjasema mzito, muulizeni alilala saa ngapi.

Shule zetu za bweni nazo nazigusa kwa upendo. Prepu ya usiku inayokwisha saa 4:30, kisha kengele saa 10:30 alfajiri, inamwachia kijana saa 6. Wakuu wa shule wananijibu kwamba mitihani iko karibu. Najua. Lakini aliyosoma mchana ubongo unayapanga na kuyahifadhi akiwa amelala. Ukimnyima usingizi umemnyima nusu ya somo. Kijana huyo anaweza kusoma saa 11:30 jioni kungali na mwanga wa jua, ambao hauna bili.

Kuhusu spika za vigodoro, ngoma za kukesha si ngeni kwetu. Unyago ulikuwa na usiku wake, kijiji kizima kilijua, na kesho yake watu walipumzika. Spika ya kila Ijumaa na Jumamosi hadi saa 10 usiku, karibu na wodi na nyumba zenye vichanga, ni kitu kingine, na serikali za mitaa zina mamlaka ya kuweka saa ya kuzima. Naomba jambo hilo liingie kwenye ajenda ya mkutano ujao wa mtaa, na nitakuja kulitetea mwenyewe.

Nyumbani, anzeni na moja tu. Baada ya Isha, taa kubwa ya sebuleni izimwe, ibaki ndogo ya rangi ya njano, na simu zote, ya baba ikiwemo, zichajiwe chumba kisicho cha kulala. Kaeni hapo mzungumze. Bibi akiwepo, ahadithie.

Nimemaliza niliyokuja nayo. Sasa ni zamu yenu kuuliza, na ningeomba tuanze na akina mama wenye watoto wa darasa la kwanza na la pili, kwa sababu najua wanatakiwa kuwahi nyumbani.